Nilibonyeza Hapana, gemu ikaandika Ndiyo

Naandika nikiwa na hasira, sitaficha. Gemu yenyewe naipenda, na jina lake nitaliacha. Ni ya kujenga mji, unacheza peke yako, haihitaji intaneti kabisa, na ndiyo sababu niliinunua. Hapa kwangu Morogoro intaneti ni bando la simu, nalipeleka kwenye kompyuta kwa hotspoti. Mji wangu una reli, una soko, na mto wake nimeuwekea madaraja manne.

Siku moja, masika ndiyo kwanza yameanza, nilinunua GB 1 asubuhi ili jioni nitume kazi ya watu. Mchana nikacheza kidogo, hotspoti nikiwa nimeisahau imewaka. Jioni naanza kuambatanisha faili, meseji inaingia: umetumia asilimia 75 ya bando lako. Sikuwa nimefungua hata video moja! Nikamwita jirani yangu, fundi wa kompyuta. Akafungua ile sehemu ya Windows inayoonyesha kila programu imekula data kiasi gani, akanigeukia.

"Kaka, hii gemu yako inaongea na nje."

Kumbe kila nilipocheza bila mtandao ilikuwa inarundika ripoti zake kwenye folda, na makabrasha mazito ya kila mara ilipojizima. Ikaonja hotspoti, ikazituma zote kwa mkupuo. Kazi ya watu niliituma saa tano usiku kwa bando la kukopa.

Ila bando si kiini cha kilio changu. Nilipoiweka kwa mara ya kwanza iliniuliza kama naruhusu kutuma takwimu za matumizi. Nilibonyeza Hapana. Nakumbuka vizuri. Tulipofungua mipangilio na fundi, tukakuta Ndiyo. Tukazima. Likaja sasisho, nikaenda kuchungulia: Ndiyo tena.

Niseme haki. Telemetria, yaani programu kuwatumia waliyoitengeneza ripoti za inavyotumika, peke yake si uovu. Studio inataka kujua gemu inakwama wapi, kwenye kadi gani ya picha, wachezaji wanakata tamaa hatua ipi. Kuna wakati gemu hii ilikuwa inajizima kila nikimaliza daraja la tatu, kisha ikarekebishwa bila mimi kusema neno. Huenda ni ripoti kama hizi zilizosaidia. Steam, duka la gemu la mtandaoni, nao hukusanya taarifa za kompyuta za wachezaji kwa utafiti wao wa vifaa, lakini wanakuuliza kwanza, na ukikataa yanaishia hapo. Kwa hiyo jirani yangu alipoiita kirusi, nilimkatalia. Haiibi nywila, haifungi mafaili yangu ili nilipe. Nilikuwa bado nataka kuipa nyota nne.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, na picha mbili za skrini. Siku kadhaa kimya. Kisha jibu la mistari miwili: taarifa zinazokusanywa hazina jina lako, na ulikubali masharti ulipoisakinisha. Basi. Kuhusu kitufe kinachojirudisha, hata neno. Kuhusu bando, hata pole.

Hazina jina langu! Mwaka 2018 wachezaji waligundua kitu kinaitwa Red Shell ndani ya gemu kadhaa, Civilization VI na Conan Exiles zikiwemo. Kazi yake ilikuwa kuoanisha mtu aliyebofya tangazo mtandaoni na mtu aliyefungua gemu, na jina haikulihitaji. Anwani ya IP, ukubwa wa skrini, toleo la kivinjari: ukiviweka pamoja vinatosha kuitambua kompyuta kati ya nyingine. Waliokitengeneza nao walisema hawakusanyi taarifa binafsi. Wachezaji wakaja juu, wakakiita cha kijasusi, na studio nyingi zikakiondoa. Kwa hiyo mtu akiniambia "hazina jina lako", hajanijibu chochote.

Basi narudisha nyuma nilichomwambia jirani. Kirusi si kirusi, sibishani na neno. Lakini programu isiyotakiwa ni ipi, kama si ile niliyoikataa kwa kidole changu mwenyewe ikarudi nikiwa nimelala? Imo ndani ya gemu nzuri, ndiyo, na hilo linaniuma zaidi, kwa sababu nililipia. Mtu aliyekubali masharti na mtu aliyebonyeza Hapana ni mimi yuleyule, na wao wamechagua kumsikiliza mmoja tu.

Fundi alijitolea kuifungia gemu njia ya kutoka mtandaoni niendelee kucheza. Nikaona hapana, kazi hiyo si yake wala si yangu. Juzi nimeifuta. Nyota moja, na hiyo ni ya madaraja. Mji wangu nimeuhifadhi kwenye flashi; wakileta kitufe kinachozima kweli, nitaurudisha siku hiyohiyo.