Shamba la michungwa bondeni Kyela: matembezi mazuri, meza ya kuonja ipangwe upya

Anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela huanza safari na sweta na kuimaliza akijipepea. Tukuyu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Tambarare ya Kyela inakaribia mita 500 tu, na maji ya Ziwa Nyasa yako chini kidogo ya hapo. Mteremko huo ndio unaolipatia shamba hili la familia, nje kidogo ya mji wa Kyela, jambo la kuwaonyesha wageni. Matembezi ya saa mbili na nusu, kisha kuonja na kula, ni shilingi 20,000 kwa mtu mzima, na kundi halizidi watu kumi. Matembezi yanastahili kila shilingi. Meza ya kuonja ndiyo yenye kasoro, na zote zinarekebishika bila gharama.

Wengi hufika wakitarajia kuona miti iliyojaa matunda ya njano. Wanakuta kijani mtindo mmoja, wanadhani wamewahi msimu. Mwongozaji hana papara: anakata chungwa la kijani kabisa, anakamua tone moja kwenye kioo cha rifraktomita, kile kipimo kidogo cha sukari kinachoshikwa kama darubini, na kumpa kila mgeni achungulie. Chungwa tamu husoma kati ya 10 na 12, na hilo la kijani limo. Ganda la chungwa hupoteza ukijani usiku unapopoa chini ya nyuzi 13 hivi, na usiku wa Kyela ni nadra kufika huko. Mti uleule ukipandwa juu Rungwe utazaa matunda yenye unjano zaidi, na mara nyingi makali zaidi, kwa kuwa ubaridi huchelewesha ukali kupungua. Kwa hiyo anayechagua chungwa sokoni kwa rangi anachagua hali ya hewa. Apime uzito mkononi: lililo zito kuliko ukubwa wake lina maji.

Anasema pia jambo ambalo wachuuzi wengi wangefaidika kulijua. Embe, ndizi na parachichi huendelea kuiva baada ya kuchumwa, chungwa haliendelei. Likichumwa kali, litabaki kali hata lifunikwe guniani wiki nzima. Ganda litalainika, pengine litageuka rangi, utamu hautaongezeka. (Hakikisheni kioo cha kipimo kinafutwa na kurudishwa sifuri kwa maji safi kati ya tunda moja na jingine. Mabaki ya juisi ya mgeni aliyetangulia hudanganya, na watoto huwa wa kwanza kubishana kuhusu namba.)

Kipande kizuri kuliko vyote ni hiki: chungwa linakatwa kwa kulala, nusu ya upande wa kikonyo na nusu ya upande wa kitovu, na mgeni anaonja zote mbili amefumba macho. Nusu ya kitovu ni tamu zaidi, na kipimo kinathibitisha. Ni tunda moja, mti mmoja, dakika moja. Ukitoka hapo huli tena chungwa kwa kuanzia kitovuni. Unaanza na upande wa kikonyo ili utamu uje mwisho.

Kitaluni ndiko mwongozaji anakoonyesha amefanya kazi hii miaka mingi. Kubebesha, yaani kupachika jicho la mti mmoja kwenye mche wa mwingine, kunafanywa mbele yenu, hatua kwa hatua, na mgeni anaruhusiwa kujaribu kwenye tawi lililokatwa. Mche wa chini ni wa limau kali, unene wa penseli. Sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini anachora alama ya T kwenye gome, mstari wa wima kama sentimita tatu, na kisu kinaishia pale mti mgumu unapoanza, hakiingii ndani. Kisha kutoka kwenye kijiti cha mti mama anachonga jicho moja likiwa na kigao chembamba cha gome, urefu wa sentimita mbili na nusu, analishika kwa kikonyo cha jani kilichobaki ili vidole visiguse upande wa ndani ulio na unyevu. Gome la mche linafunguliwa kama kola ya shati, jicho linateleza chini, na utepe wa nailoni unafungwa kuanzia chini kwenda juu ili maji ya mvua yasipenye. Baada ya wiki mbili hadi tatu utepe unafunguliwa. Jicho la kijani limeshika. La kahawia limekufa, rudia upande wa pili.

Yanayoharibika anayasema bila kufichaficha. Gome halifunguki kwa sababu mche una kiu: unyweshwe vizuri siku kadhaa kabla. Jicho limewekwa kichwa chini. Kisu ni butu, kimeparuza badala ya kukata. Utepe umesahaulika mwezi mzima na umenyonga mche. Na kosa linalowaumiza wakulima wengi huja baadaye sana: machipukizi yanayoota chini ya jeraha la kubebesha yanaachwa, yanakua haraka kuliko jicho, na baada ya miaka mitatu mwenye shamba anashangaa mchungwa wake unazaa malimau. Mti haukubadilika. Limau la chini ndilo lililoshinda. Yaondolewe yakiwa laini, kwa kidole gumba, kabla hayajahitaji mkasi.

Kyela hupata mvua nyingi, na nyingi zaidi huanguka Machi hadi Mei, juu ya udongo unaoshika maji. Ndiyo maana kila mti hapa umesimama juu ya kilima cha udongo, na kovu la kubebesha liko juu kabisa ya matandazo. Maji yakituama shinani, vimelea vya kuoza mizizi huingia: gome hupasuka karibu na ardhi, linatoa utomvu kama gundi, majani yanapauka upande mmoja, mti unaondoka. Mwongozaji anawapeleka kwenye mti mmoja ulio hivyo na kuwaacha mguse utomvu wenyewe. Mashamba mengi huwaficha wageni miti yao migonjwa. Hapa mti mgonjwa ni sehemu ya somo, na hilo linastahili sifa.

Juu ya miti kuna viota vya majani yaliyoshonwa kwa nyuzi. Ni majimoto, sisimizi wekundu wanaowinda wadudu na kuwasumbua nzi wa matunda wasitage. Kwa mkulima ni walinzi, ingawa pia hufuga wadudu magamba kwa ajili ya utamu wao, kwa hiyo si malaika. Kwa mgeni ni maumivu. Shati la mikono mirefu, suruali iliyoingizwa ndani ya soksi, na usiegemee tawi ili upigwe picha. Shamba lingewaambia wageni hili wakati wa kupanga siku. Kuambiwa getini umeshavaa kandambili hakusaidii.

Uchumaji unaanza saa nne, si mapema zaidi, na sababu yake ni nzuri. Asubuhi yenye umande ganda limejaa maji. Ukilibonyeza, vifuko vya mafuta hupasuka na mafuta yale huunguza ganda, na kesho yake tunda lina madoa ya kahawia. Kila mgeni anapewa mkasi wa kupogolea. Kikonyo kikatwe karibu na tunda, kibaki kidogo kama kitufe cha shati, bila ncha ya kutoboa jirani yake kapuni. Ukivuta kwa mkono, kitufe kinang'oka na kuacha tundu, na ukungu wa kijani huanzia hapohapo. Siku za wageni wengi mikasi haitoshi, wanaruhusiwa kuvuta. Hilo liachwe. Bora watu wasubiriane kuliko kubeba kilo tano zitakazooza kabla ya Jumapili.

Sasa meza. Imetandikwa vizuri chini ya mwembe, ina maji ya kunawa, visu vikali, sahani safi. Kasoro ya kwanza ni mpangilio. Wanaanza na ndimu na balungi, labda kwa sababu zinapendeza machoni zikikatwa, kisha chenza, kisha chungwa. Ulimi uliokwisha kupigwa na ndimu hauwezi kusikia tofauti kati ya chungwa la Valencia na la Jaffa. Yote yanakuwa tamu tu. Ianze chenza, yafuate machungwa, halafu balungi, kisha danzi, na ndimu ifunge. Katikati yake wali mkavu kijiko kimoja na maji ya kawaida. Mchele wa Kyela upo palepale jikoni, na harufu yake haishindani na tunda. Mgeni anaweza kuomba apangiwe hivyo na hawakatai.

Ya pili ni juisi. Inakamuliwa asubuhi, inakaa kwenye ndoo hadi mchana, na ikifika mezani ina uchungu unaobaki nyuma ya koo. Watu hudhani machungwa yalikuwa mabaya. Machungwa ni mazuri. Aina za Navel zina kitu ndani ya nyama yake ambacho, kikishakutana na ukali wa juisi, hugeuka uchungu polepole ndani ya saa chache, na joto huharakisha. Wakikamua kwa mashine ya kuponda, mbegu na ule weupe wa ganda huongeza yao. Dawa ni rahisi: Navel iliwe, Valencia ikamuliwe, na ikamuliwe mgeni akiwa ameshakaa.

Chakula chenyewe hakina neno. Wali, mbasa wa ziwani aliyechomwa, kachumbari yenye ndimu, na achari ya ndimu iliyoanikwa juani na chumvi na pilipili. Samaki anapakwa ndimu dakika 15 kabla ya jiko na si zaidi. Akikaa saa nzima nyama huwa nyeupe kama imeshaiva, kisha hupukutika kwenye wavu. Hapa hajapukutika.

Kila mgeni anaondoka na karatasi ya jamu ya danzi, nayo ina kosa litakalowaunguzia sufuria watu wa Mbeya. Vipimo ni sahihi: danzi kilo moja, maji lita mbili na nusu, sukari kilo mbili, mbegu na weupe vikifungwa kitambaani na kuchemshwa pamoja maana humo ndimo kinamotoka kile kinachogandisha jamu. Na inasema vema kwamba maganda yachemke hadi yapondeke kati ya vidole kabla ya kutia sukari, kwa kuwa sukari ikitangulia ganda linabaki gumu milele. Lakini imeandikwa "chemsha hadi nyuzi 105". Hiyo ni ya pwani. Jamu hushika nyuzi nne au tano juu ya pale maji ya mahali hapo yanapochemkia, na maji huchemka mapema kadiri unavyopanda, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Kyela ni nyuzi 103 hivi. Mbeya mjini, mita 1,700, maji yanachemka kwenye 94 na jamu iko tayari kwenye 99. Anayesubiri 105 atapata gundi nyeusi. Asiye na kipimajoto aweke tone kwenye kisahani kilichopoa, alisukume kwa kidole. Likikunjamana, epua.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo mwongozaji hakuyataja, na angepaswa. Balungi huzuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, zikiwemo simvastatini ya lehemu na felodipini ya presha, na dawa inabaki nyingi kwenye damu kuliko daktari alivyokusudia. Saa chache za kusubiri hazitoshi. Anayetumia dawa kila siku aulize famasia kabla ya safari, au aache balungi tu, mengine yapo. Pili, juisi ya ndimu ikikaukia kwenye ngozi kisha jua likaipiga, huleta malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Nawa kwa sabuni, mikono na viwiko, kabla ya kutoka chini ya mwembe. Watoto waliochezea maganda wanawishwe kwanza.

Usafiri: kosta za Kyela zinapitia Uyole na Tukuyu, na kutoka Kyela mjini bodaboda au bajaji inakufikisha getini. Matembezi huanza saa mbili asubuhi, kwa hiyo anayetoka Mbeya alale Kyela au Tukuyu usiku wa kuamkia. Juni hadi Agosti njia za shambani zimekauka. Aprili usijaribu, hata shamba lenyewe hushauri hivyo.

Miche inauzwa mwishoni na wengi hununua kwa furaha ya siku. Angalia kovu la kubebesha liwe angalau sentimita 20 juu ya udongo wa mfuko, geuza mfuko uone mizizi haijajizungusha chini kama kamba, kisha pitisha kidole juu ya majani machanga. Ukisikia vipele juu na kuona vishimo upande wa chini, acha mche huo. Ni alama ya mdudu anayeeneza ugonjwa wa manjano ya michungwa, usio na dawa, na mdudu huyo hapendi joto la bondeni: ukimpandisha Rungwe au Mbeya umempeleka mahali anapostawi.