Audacity na spektrogramu yake: kumbe mchawi chaja

Jamani kama unarikodi nyumbani kwa laptopu ya kawaida usikimbilie kununua programu za sauti za madola, fungua kwanza hii Audacity, ya bure, uende kwenye spektrogramu. Mie nnayo miaka nakatia mawaidha tu, hata sikujua imo. Unabonyeza jina la treki unaichagua, yale mawimbi ya buluu yanaondoka inakuja picha ya rangi: kushoto kwenda kulia ni muda, chini besi, juu zile s za muimbaji, na palipong'aa rangi ndo penye sauti kubwa.

Mwezi jana nlikuwa narikodi udi chumbani Michenzani, Zanzibar. Kwenye laptopu safi, kwenda kuuweka kwenye gari ya jamaa, mmmmm mwanzo mwisho. Fundi mmoja wa studio akanambia maiki mbovu hiyo nunua nyengine, na kidogo ninunue wallahi. Kufungua ile picha nkaona mistari imenyooka kama kamba za kuanikia nguo, hezi (mitetemo kwa sekunde) 50, 100, 150, yaani umeme wetu huo, umeme wa hapa ni hezi 50 na wanawe wanafatana hivo hivo kwa hamsini hamsini.

Nkajifanya hodari nkaikata ile 100 kwa EQ, kile chombo cha kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, udi ukafa! Mana uzi wa udi wa noti ya sol ya chini uko kwenye hezi 98, mlango kwa mlango na umeme, na dirisha, yaani kile kipande cha sauti programu inachokipima kwa mara moja, likiwa sampuli 2048 kwa rikodi ya sampuli 44100 kwa sekunde, kila hatua ya picha ni kama hezi 21, kwahiyo vyote viwili unaviona mstari mmoja. Hata ukipandisha mpaka 32768 bado vinagusana mabega, na hapo mapigo ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, yanamwagika kama wino ulioingia maji. Mie nlivitofautisha pale mpigaji alipopumzika: udi umenyamaza, mstari bado unakwenda tu. Basi nkachomoa chaja, tukarikodi kwa betri, mistari hamna. Maiki haina hata ugonjwa.

Ubaya wake ni hiyo mipangilio ya dirisha, imejificha ndani na kila saa unabadilisha, na laptopu yangu ya ramu GB 4 inatia huruma ukivuta picha. Kunguru alolia baina ya beti mbili nlimchorea boksi nkamfuta, lakini yule alopandana na muimbaji nlimuacha, ukimtoa huyo unaondoka na sauti ya mtu.

Halafu kuna jamaa kaniletea biti, anasema WAV safi hii kaka, yaani faili la sauti lisilobanwa. Kuifungua, kuanzia kilohezi 16 kwenda juu giza tupu, yaani MP3 iliyobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde kavishwa kanzu ya WAV. Akaapa na kuapa. Nkamgeuzia kioo cha laptopu, akauliza chai ipo?