Redio ya ndege uliyoijenga mwenyewe: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ndege imesimama kwa magurudumu yake, injini imefungwa, na dashibodini limebaki tundu moja tu. Hapo ndipo wajenzi wengi hufungua katalogi, wakatafuta redio yenye wati nyingi kuliko zote, wakalipa. Nami nilipita njia hiyo. Redio yenyewe haikuwa na kasoro, ila siku ya kwanza angani mnara wa kuongozea ndege ulinijibu neno moja, "rudia", mara tatu mfululizo. Antena nilikuwa nimeificha ndani ya mwili wa ndege, sentimita chache kutoka kwenye vyuma vya usukani, kwa sababu sikutaka kitu kichomoze nje. Urembo uliniponza.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye antena na kebo. Redio ifuate.

Mazungumzo ya ndege hupita kwenye megahezi 118 hadi 136.975, na mawimbi ya huko hayapindi kufuata mgongo wa dunia. Yanakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ukiwa futi 1,000 juu ya ardhi, upeo wako ni kilomita 70 hivi. Panda hadi futi 4,000 upate kilomita 140. Redio ya wati 6 na ya wati 16 zote zinagotea kwenye upeo uleule. Wati za ziada husaidia pale mawimbi yanapofika yakiwa yamechoka, na hata hapo ukizidisha wati mara mbili, sikio la anayekusikiliza halitashangaa. Antena mbovu, kwa upande wake, inaweza kumeza nusu ya nguvu yako kabla hujaacha ardhi.

Tena wati zenyewe zina hesabu mbili. Icom IC-A25 ya mkononi huandikwa wati 6, lakini hizo ni za kilele, pale sauti yako inapopanda juu kabisa. Wimbi tupu, kabla hujatamka neno, lina wati 1.8. Redio za dashibodi kwa kawaida hutangaza hesabu hiyo ya wimbi tupu. Anayeweka 6 ya hii kando ya 8 ya ile analinganisha kibaba na debe.

Ndege ya bati la alumini imebahatika: fimbo ya sentimita 58 hivi inasimama tumboni au mgongoni, na bati linakuwa nusu ya pili ya antena. Ya kitambaa au faibaglasi haina hiyo nusu, inabidi uitengeneze. Bandika kwa ndani tepe nne za shaba, kila moja na urefu kama wa fimbo, zikitawanyika kama miale kutoka kwenye kitako cha antena. Faibaglasi inakuruhusu pia kuizika antena ya mikono miwili ndani ya mkia uliosimama, mradi iwe wima na nyaya za taa ya mkia zisipite sambamba nayo. Nyuzi za kaboni ni habari nyingine. Zinapitisha umeme, na antena ikikaa ndani yake ni sawa na kuongea ukiwa umefunikwa sufuria. Itoke nje, hakuna mjadala.

Kebo yangu ya kuunganisha redio na antena ni RG-400. Kwa mita mbili tatu haiishindi sana kebo ya kawaida ya RG-58 kwa nguvu inayofika, ila ina ngao ya matabaka mawili, na plastiki yake ya ndani haiyeyuki unapoisogezea chuma cha lehemu. Aliyewahi kukata ncha ya RG-58 mara nne akirudia kazi ileile anajua ninachosema.

Jambo la mwisho kabla ya orodha: chaneli. Redio ya hatua za kilohezi 25, yaani nafasi kati ya chaneli moja na inayofuata, ina chaneli 760. Ya hatua za 8.33 ina 2,280. Ulaya ilishalazimisha 8.33 kwa takriban kila ndege tangu 2018. Kama utaruka huko hata mara moja, au unafikiri ndege itauzwa siku moja kwa mtu wa huko, usibahatishe. Waulize pia mamlaka yenu ya usafiri wa anga kama redio ni lazima iwe na cheti, maana nyingine hutengenezwa mahususi kwa ndege za kujijengea na hazina.

Sasa orodha, kwa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa redio ya dashibodi yenye intakomu ndani yake, ile ya rubani na abiria kuongea kwa hedifoni. Ndege zetu nyingi ni za viti viwili, na intakomu ya pembeni inaleta kisanduku kingine, rundo la nyaya, na mlango mwingine wa kelele. Kati ya hizi naiweka mbele Icom IC-A220: wati 8 za wimbi tupu, intakomu ya sauti ipo, skrini inasomeka, na inaweza kuchungulia masafa ya pili huku ukisikiliza ya kwanza. Inakwenda hatua zote mbili, 25 na 8.33. Garmin GTR 200 inaifuata unyounyo. Ina wati 10, imeumbwa kwa ajili ya ndege kama zetu, na intakomu yake ya stirio ni tamu kiasi kwamba abiria husahau kulalamika. Kinachoirudisha nyuma ni kimoja: chaneli zake ni zile 760 tu. Anayeruka mahali ambapo 8.33 si lazima aigeuze orodha hii, achukue Garmin, na sitambishia.

Ya pili ni redio ya vipande viwili, uso mdogo dashibodini na sanduku lenyewe kokote litakakofika mkono wako. Trig TY91 ni wati 6, ndugu yake TY92 ni wati 16, zote zina 8.33 na intakomu. Kwa dashibodi iliyobanwa na tangi la mafuta upande wa nyuma, hii ndiyo inayoingia. Chukua TY91. Sababu nimeshaieleza juu, na alteneta ndogo, ile inayozalisha umeme kwenye injini, itakushukuru.

Ya tatu ni zile za mviringo zinazoingia kwenye tundu la milimita 57, mfano Becker AR6201. Wenye glaida, ndege zisizo na injini, wamezitumia miaka mingi. Vitufe ni vidogo na hewa ikichafuka kidole kinakosea, lakini kama tundu umeshalikata, limekwisha hilo.

Ya nne ni redio isiyo na uso kabisa, inayoendeshwa na skrini kubwa ya ndege. Unagusa uwanja kwenye ramani, masafa yanaingia yenyewe. Raha yake siikatai. Lakini ukiwa na Garmin GTR 20 na skrini moja ya G3X Touch, siku skrini ikizima huna kitufe cha kubadilishia masafa. Dynon hili waliliona, SV-COM-X83 yao inakuja na paneli ndogo yenye vitufe vyake. Kwa mwenye skrini mbili ningeipandisha hadi ya pili.

Ya tano, redio ya mkononi ikiwa ndiyo redio kuu. Kile kiantena cha mpira ndani ya chumba cha rubani kinapiga kelele kwenye nyaya zako na mnara wanaambulia mnong'ono. Ukilazimika, iunganishe na antena ya nje na umeme wa ndege, uifungie kitufe cha kuongelea kwenye usukani. Kama akiba, hata hivyo, ndiyo ya kwanza kununua, hata kabla ya hiyo kuu.

Ya mwisho kabisa ni redio kuukuu. Si kwamba zote ni mbovu, ila utauziwa mbuzi kwenye gunia. Za chaneli 360 zinaruka hatua za 50. Za 720 zinaishia 135.975, na masafa ya juu ya hapo huyapati. Nyingi huuzwa bila trei na bila plagi ya nyuma, na kuvitafuta hivyo viwili ni kazi ya miezi.

Redio ikishafika, soketi za hedifoni zivalishe pete bapa za plastiki pale zinapopita kwenye bati, na waya wake wa ethi, ule wa kurudishia umeme, urudi hadi kwenye redio. Ukiacha soketi iguse bati, utasikia alteneta ikiimba kila unapoongeza moto. Ngao za nyaya za maikrofoni zishike ethi upande mmoja tu.

Halafu fanya jaribio hili kabla hujakaza skrubu hata moja. Injini imezimwa, swichi zote chini, redio pekee iko hewani na kizuia mkoromo, kile kinachoinyamazisha redio pasipo na anayeongea, kimefunguliwa ili usikie ule mchanga wa hewa tupu. Washa kitu kimoja kimoja: taa za bawa, pampu ya mafuta, skrini, kila swichi peke yake, huku ukizungusha masafa kutoka 118 hadi mwisho. Sauti ikibadilika, mwizi umempata. Mimi nilimaliza swichi zote sikusikia kitu, nikataka kufunga. Kisha nikachomeka simu kwenye chaja ya USB, na palepale kwenye masafa ya uwanja wetu mkoromo ukageuka kuwa mluzi. Nilichomoa, ukakatika, nikachomeka, ukarudi. Niliwahi kuutafuta mluzi huo wiki mbili nikilaumu plagi za injini. Chaja ile sasa iko kwenye droo la bisibisi, na simu naichaji nyumbani.