Mlingoti wa antena niliouziwa Kariakoo: usinunue (au nunua, ila vibano vyake vitupe)

Naanza na vibano, maana hivyo ndivyo vinavyonitoa povu mpaka leo. Mlingoti wenyewe ni mabomba ya aluminiamu yanayoingiana. Unavuta moja kutoka ndani ya jingine mpaka ufike mita tisa, na kila kiungo kimeshikwa na kibano cha plastiki chenye kijimkono cha kubana. Plastiki! Kwenye boksi wameandika kwamba hiki ni kifaa cha mawasiliano ya dharura, kibebe antena na kebo, kisukumwe na upepo usiku kucha, halafu roho yake yote wameiweka kwenye vipande ambavyo mimi hata ndoo ya kuogea ningeona aibu kuvifungia. Mengine, uzito, urefu wake ukikunjwa, rangi ya begi, yako mtandaoni, kasome mwenyewe. Sina muda nayo.

Kwa asiyejua shughuli yangu: mimi ni mtu wa redio za ridhaa, leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ninayo, na kikundi chetu kidogo hujitolea kupeleka simu ya upepo pale mitandao ya simu inapolala. Masika ya 2024 hamjayasahau. Rufiji ilifurika, Kibiti ikafurika, kisha mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika kule Somanga, na siku chache baadaye nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu kwa pamoja, intaneti ikawa ya kubahatisha hata kwa aliyekaa Masaki na kiyoyozi chake. Tangu mwezi ule hakuna tena anayeniuliza, "Hivi redio koli bado zipo?"

Mlingoti niliununua kabla ya hayo yote, dukani Kariakoo, kwa laki sita na ushee baada ya kuvutana sana bei. Muuzaji akaniongezea kebo ya RG-58 mita ishirini "ya bure, kaka". Anayejua RG-58 kwenye VHF, masafa ya redio zetu za mkononi, tayari anacheka. Mita ishirini za kebo hiyo zinakula zaidi ya nusu ya nguvu ya redio yako kabla hata haijaifikia antena. Kebo ile nilimpa jirani, ameanikia nguo mpaka leo, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana.

Sasa kwa nini mita tisa zilinihusu. VHF inakwenda karibu mstari ulionyooka, ardhi ikijikunja, mawasiliano yamekwisha. Hesabu yetu ya haraka ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4 na kidogo, unapata upeo wako kwa kilomita. Antena ikiwa mita tisa juu, upeo ni kama kilomita 12. Ikiwa mita tatu, ni kama 7. Mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi na redio ya mkononi naye ana upeo wake, tuseme kilomita 5. Jumlisha. Kwenye tambarare kama ya Rufiji, ambako hakuna kilima cha kukusaidia, mita tisa zinakupa kilomita 17 na mita tatu zinakupa 12. Mtumbwi wetu ulikuwa katikati ya namba hizo mbili.

Tulikuwa tumejibanza kwenye shule moja upande wa Muhoro. Darasa limegeuzwa stoo ya magodoro, barazani watu wamelala na watoto wao. Mtumbwi wa injini ulikuwa umepeleka dawa vijiji vya ndani, na kijana wetu aliyekuwa humo alitakiwa kutupigia kila saa. Mchana kutwa alisikika safi, nami nikawa nausifia mlingoti kwa kila aliyepita. Usiku mvua ikashuka. Sauti ya kijana ikaanza kukwaruza, ikaja neno moja moja, ikapotea kabisa.

Nikatoka na tochi. Mlingoti ulikuwa wima, kamba zote zipo, vigingi vimeshika, lakini ulikuwa mfupi. Ulikuwa umejimeza. Kiungo cha juu kimeteleza ndani ya cha pili, cha pili ndani ya cha tatu, mpaka antena ikakaa sawa na bati la darasa, na bati nalo likawa ukuta kati yangu na mtumbwi. Ungevunjika ningeelewa, upepo ni upepo. Huu haukuvunjika, umekaa chini tu, mzima, bila hata mkwaruzo. Nikauvuta juu tena, nikabana vibano mpaka gumba likachubuka. Baada ya muda, chini. Nikazungushia solotepu ya umeme. Chini.

Nieleze ufundi wake hapa, maana ndipo hasira yangu ilipo. Aluminiamu laini iliyolowa haishikwi na plastiki, hilo la kwanza. Halafu kamba za kushikilia mlingoti hazivuti pembeni peke yake, zinavuta na kuelekea chini, kwa hiyo kila ukizikaza unaongeza mzigo juu ya vibano. Na kamba walizoweka kwenye begi ni za nailoni. Nailoni ikilowa inanyumbuka, mlingoti unaanza kuyumba, huna budi kukaza, na ukikaza unaushindilia chini. Yaani mtu alikaa kiwandani akaweka kamba inayolegea na kibano kinachoteleza ndani ya begi moja, akafunga zipu, akaenda kula.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa barazani na wajukuu zake. Hata shikamoo sikumpa, nilivyokuwa nimechanganyikiwa. Akaja, akashika bomba, akalitikisa.

"Mwanangu, hiki kidude hakina pini?"

"Hakina, mzee."

"Basi huu si mlingoti."

Akawaita vijana. Wakaleta boriti mbili za mkoko zilizokuwa zinangoja kuezekea nyumba ya mtu. Kule delta boriti hazikosekani, ndiyo mikoko mingi kuliko popote Afrika Mashariki, na kwa karne nyingi zilipakiwa majahazini mpaka Uarabuni. Wakaziunga mbili hizo kwa kamba namna wanavyounga foromali, wakafunga antena yangu kileleni, wakachimba shimo, wakasimamisha. Haikufika mita tisa, labda saba. Haikuteleza. Alfajiri kijana akasikika, wamelala kwenye zahanati, injini imeingia maji, watu wote wazima. Na yule mzee alikuwa akiniangalia tu, hakusema neno, na sikumlaumu.

Haya, twende dukani.

Niliporudi Dar niliubeba mlingoti na vibano vyake na risiti ya EFD mkononi, nikaenda nikiwa mpole kabisa, naapa. Kijana wa kaunta akausikiliza mkasa wote, akatabasamu, akasema, "Kaka, hiyo si ya mvua."

Nikadhani sijamsikia vizuri. Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu, ile namna mtu anavyomwelewesha mgeni: "Hiyo ni ya kawaida. Si ya mvua. Ya mvua ipo, milioni tatu."

Jamani. Mlingoti wa dharura usiotaka mvua! Katika nchi hii, dharura ipi inakuja na jua la kuanikia mpunga? Nikamwonyesha boksi, neno dharura limechapwa pale kwa herufi nyekundu. Akaniambia boksi linatoka kiwandani, wao hawakuliandika. Nikaomba basi vibano vya chuma, niongeze hela. Hawana. Nikaomba kuonana na mwenye duka. Mwenye duka alikuwa amekaa pale pale nyuma ya kijana, anakula chipsi, ananiangalia. Akanyoosha kidole chenye mafuta ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Kisha akaniuliza, "Kwani wewe ni Zimamoto? Unamwokoa nani?"

Hapo nilisema maneno ambayo siyaandiki.

Nikitulia naweza kukiri kwamba wateja wao wengi wananunua milingoti hii kwa ajili ya kupandisha ruta za intaneti au kamera za harusi, ndani ya ua, kwa saa chache. Kwa kazi hiyo kibano cha plastiki kinatosha. Ila mimi sijatulia.

Kwa anayetaka kununua kwa ajili ya maafa hasa, kwanza jiulize kama unahitaji mlingoti. Kwa HF ya mita 40, yaani masafa mafupi yanayofika mbali, huenda huuhitaji kabisa. Antena yake, dipoli, ni waya wa mita kama ishirini, na kwa mawasiliano ya ndani ya nchi hatutaki uwe juu sana: ukiwa chini, mawimbi yanapanda karibu wima, yanarudishwa na ionosfia, tabaka la juu la anga, yanadondokea eneo lote la kuzunguka kwa mamia ya kilomita. Tuliutundika kati ya miembe miwili pale pale shuleni na Dar ikatusikia mchana bila shida. IARU, umoja wa dunia wa redio za ridhaa, katika Kanda ya 1, ambayo ndiyo yetu, imependekeza 7110 kHz iwe kitovu cha mawasiliano ya dharura kwenye bendi hiyo. Iandike ubavuni mwa redio. Mwembe hauna waranti, lakini pia hauna mtu wa kukuonyesha bango ukutani.

Milingoti ya faiba, ile ya mtindo wa fito za kuvulia samaki, ni mizuri kubeba waya na haipitishi umeme. Kwenye ncha imekonda mno, ukiiwekea antena ya VHF yenye uzito inainama na kucheza usiku mzima. Usidanganywe na ya kaboni, hiyo inapitisha umeme na inaivuruga antena ya waya iliyo karibu nayo. Vipo pia vitako vya chuma vya kuchomekea mlingoti, unavyovikanyaga kwa tairi la gari, mtu mmoja anasimamisha mlingoti bila msaada wala kamba nyingi. Napenda sana wazo hilo. Lakini barabara ikikatika, gari lako liko upande gani?

Na ya aluminiamu, hii ninayoitukana, usiisimamishe mahali ambapo ikianguka inaweza kuzifikia nyaya za TANESCO. Hapo hakuna mjadala. Radi ikianza kukaribia, chomoa kebo kwenye redio na uondoke hapo.

Urefu ulioandikwa kwenye boksi usikushughulishe sana. Shika kiungo. Dukani, mbele ya muuzaji, vuta mlingoti wote, banisha, mwagia maji ya chupa kwenye viungo, kisha, kabla hujausimamisha, sukuma bomba la juu lirudi ndani kwa uzito wako wote. Muuzaji akikasirika umeshapata jibu. Kiungo cha kufaa kina pini au bolti inayopita ndani ya mabomba yote mawili, au kola ya chuma yenye skrubu. Kamba iwe ya poliesta, hainyumbuki ovyo ikilowa. Vigingi vinavyokuja kwenye begi ni vyembamba, kwenye tope la Rufiji vinatoka kwa kuvutwa na mbuzi. Kata nondo.

Basi wangu niliupeleka mtaa wa Gerezani, kwa mafundi chuma. Fundi akaupima, akatoboa kila kiungo, akatia bolti za chuma kisichoshika kutu na nati za mabawa ili nifungue bila spana, akanidai pesa ambayo haifiki hata nauli ya kwenda Kibiti na kurudi. Akaniuliza mbona kiwanda hakikufanya hivi, nikamwambia aende Kariakoo akaulize. Tangu hapo mlingoti umekuwa mtamu. Ni mwepesi, mtu mmoja anaubeba begani, mabomba yenyewe hayajapinda pamoja na mateso yote, na tuliusimamisha Mafia kwenye kusi kali, antena juu, ukakaa. Nikikwambia ukweli mabomba haya ni ya kiwango kizuri kuliko ya mlingoti wa rafiki yangu ulioagizwa kutoka Ujerumani, ambao ni mzito mpaka unahitaji watu wawili. Kwa hiyo nilipoanza kuandika haya nilikusudia kutoa nyota tatu, na niwashauri mnunue, mpite Gerezani moja kwa moja kabla ya kufika nyumbani.

Lakini juzi nikafungua WhatsApp nikakuta status ya lile duka. Picha ya mlingoti uleule, vibano vilevile, bei imepanda, na maneno makubwa chini: IMARA KWA HALI ZOTE ZA HEWA. Nikamwandikia kwa adabu, nikamuuliza kama mvua imeondolewa kwenye hali za hewa siku hizi. Tiki mbili za bluu. Hakujibu, na tangu hapo status zake sizioni tena.

Nyota moja. Na hiyo moja igawanywe: nusu ya bomba, nusu ya fundi.