Uzoefu wangu na mipangilio ya rangi ya Adobe kwa kazi za uchapaji: ibadilishe kabla hujafungua faili la kwanza

Natumia Photoshop, Illustrator na InDesign kutayarisha kazi za ofseti (uchapaji wa kutumia sahani): vipeperushi, vitabu, kalenda na majarida. Zana za rangi za programu hizi naziamini kuliko nyingine zote nilizojaribu. Nisichokubali ni mpangilio unaokuja nazo. Kompyuta nyingi ninazokutana nazo zimewekwa kwa Kiingereza cha Marekani, na programu hujichagulia "North America General Purpose 2": RGB (rangi za mwanga wa kioo) ni sRGB, CMYK (rangi za wino nne za kuchapa) ni "U.S. Web Coated (SWOP) v2", kijivu ni "Dot Gain 20%". Profaili, yaani faili linaloeleza rangi hutokaje kwenye mtambo na karatasi fulani, hapa ni ya SWOP: inaeleza majarida ya Marekani yanayochapwa kwenye mitambo ya roli, kwa karatasi iliyopakwa tabaka laini. Kiwanda cha Dar es Salaam au Nairobi kinacholisha mtambo karatasi moja moja ya gramu 150 kina hali nyingine kabisa, kuanzia karatasi hadi kiasi ambacho nukta ya wino huvimba ikigusa karatasi.

Madhara hutokea picha inapogeuzwa kutoka RGB kwenda CMYK, kwa sababu profaili ndiyo inayogawa asilimia za wino. Chukua nyeusi ya RGB 0/0/0. Kwa SWOP v2 Photoshop huitoa kama siani 75, majenta 68, njano 67, nyeusi 90: jumla asilimia 300. Kwa Coated FOGRA39, profaili ya Ulaya ya karatasi iliyopakwa, inakuwa 91/79/62/97, jumla 329. Ukishahifadhi faili, asilimia hizo ndizo zinazokwenda kwenye sahani za kuchapia, moja kwa kila wino, na kubadilisha mpangilio baadaye hakuzigusi. Ndiyo maana nasisitiza hatua hii itangulie kila kitu, na picha za asili za RGB zitunzwe.

Kwa karatasi iliyopakwa, mchapaji asipotoa profaili yake, mimi huanzia FOGRA39, kwa kuwa inaeleza ofseti ya karatasi za kukata na tayari imo ndani ya Adobe. Fungua Photoshop, nenda "Edit", kisha "Color Settings" (Ctrl+Shift+K), chagua "Europe General Purpose 3". Weka alama kwenye visanduku vya "Ask When Opening" ili programu ikuulize kila faili linapokuja na profaili tofauti au bila profaili. Hifadhi kwa jina lako, kisha fungua Bridge (programu ya Adobe ya kusimamia faili), "Edit", "Color Settings", chagua jina hilo na ubonyeze "Apply". Programu zote tatu zitalingana. Ukiruka Bridge, ni rahisi Photoshop ibaki na FOGRA39 na InDesign iendelee na SWOP bila wewe kujua.

Kwa bondi na karatasi nyingine zisizopakwa, FOGRA39 haifai. Picha hutoka nzito na zenye kiza, kwa sababu karatasi hiyo hunywa wino na nukta huvimba zaidi. Tumia PSO Uncoated v3, yaani FOGRA52, ambayo ECI, kikundi cha wataalamu wa rangi cha Ulaya, huitoa bure pamoja na PSO Coated v3 ya FOGRA51. Kwenye Windows bofya faili la profaili kwa kitufe cha kulia na uchague "Install Profile", kisha ufungue programu upya. Gazeti nalo lina kiwango chake: ISOnewspaper26v4 huishia asilimia 240 za wino. Picha yenye 329 ikipelekwa huko, wino haukauki kwa wakati na huchafua ukurasa unaoukabili.

InDesign ina tabia moja ya kuijua. Kwa kawaida huhifadhi asilimia za picha za CMYK na kupuuza profaili iliyomo ndani yake. Ni uamuzi mzuri kwa maandishi meusi, lakini picha iliyogeuzwa kwa SWOP itaingia kwenye waraka wa FOGRA39 na asilimia zilezile, na rangi ya ngozi itasogea. Weka picha zikiwa RGB na uziache zigeuzwe mwishoni, wakati wa kutoa PDF: sehemu ya "Output", chagua "Convert to Destination (Preserve Numbers)". Mpangilio uliowekwa tayari wa PDF/X-4 (aina ya PDF ya kupeleka kiwandani) haugeuzi rangi. Kama kiwanda hakijakuhakikishia kwamba mfumo wake unapokea RGB, usiutumie bila kubadilisha sehemu hiyo ya "Output".

Maandishi yanayotoka Word yanastahili kukaguliwa peke yake. Mara nyingi huingia na rangi nyeusi ya RGB, hivyo herufi za pointi 9 hugawanywa kwenye sahani nne, na sahani zikipishana kidogo tu kingo zake huonyesha rangi. Futa rangi hiyo kwenye "Swatches" na uelekeze mbadala uwe "[Black]". Kisha fungua "Separations Preview" (Shift+F6), zima nyeusi, na uone kama maandishi yanatoweka yote. Paneli hiyohiyo ina "Ink Limit": andika kikomo cha jumla ya wino, kwa mfano 300, na kila eneo lililozidi litawaka nyekundu. Kwangu, hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote ndani ya InDesign.

Bluu nayo huwasumbua wateja. RGB 0/0/255 kwa SWOP hutoka 88/77/0/0, na kwenye karatasi inaonekana zambarau. Acha pengo la angalau 30 kati ya siani na majenta; 100/70/0/0 hubaki bluu.

Ukifungua kazi ya zamani, tofautisha "Assign Profile" na "Convert to Profile". Ya kwanza hubadilisha mwonekano kwenye kioo na kuacha asilimia vilevile. Ya pili hubadilisha asilimia zenyewe, na ndani ya Photoshop hugeuza nyeusi tupu ya 100 kuwa mchanganyiko wa wino nne.

Wanaohamia Affinity, programu shindani ya usanifu, wataikuta SWOP v2 ileile kama CMYK ya kuanzia, kwa hiyo mabadiliko ni yaleyale, kwenye mapendeleo ya rangi. Scribus, programu huria ya kupanga kurasa, huja usimamizi wa rangi ukiwa umezimwa kabisa; uwashe kwanza, ndipo uchague profaili.