TRICARE kabla na baada ya mume wangu kustaafu jeshini

Miaka yote mume wangu alipokuwa kazini katika jeshi la Marekani, mimi na watoto tulikuwa kwenye mpango wa Prime wa TRICARE, bima ya afya ya wanajeshi wa Marekani na familia zao. Kitinda mimba wetu alizaliwa kwa upasuaji, katika hospitali ya kiraia iliyo kwenye mtandao wa bima, na hatukudaiwa hata senti moja. Kwa hilo naishukuru TRICARE mpaka leo.

Usumbufu wa Prime ni rufaa. Ukienda kwa mtaalamu bila daktari wako wa msingi kukuandikia, sehemu kubwa ya gharama inakuangukia wewe. Kuna kliniki iliyosahau kutuma rufaa ya ngozi ya binti yangu, nikasubiri wiki tatu nikidhani foleni ni ndefu. Siku hizi napiga simu siku ya pili kuuliza kama imefika.

Lakini kilichonitisha ni kustaafu. Tulidhani baada ya miaka 22 ya utumishi bima ingeendelea yenyewe. Haiendelei! Mstaafu ana siku 90 za kujiandikisha upya, yeye na familia yake. Zikipita, anabaki kutegemea hospitali za kijeshi zikiwa na nafasi. Sisi tulikuwa katikati ya kuhama, makaratasi yamo kwenye maboksi, tukajiandikisha siku ya 71. Nikikumbuka kwamba mtoto wetu mmoja ana pumu, moyo hunienda mbio.

Tulichagua Select, mpango mwingine wa TRICARE, kwa sababu sasa tunaishi mbali na kambi. Tunalipa ada ya mwaka na tunachangia kila tunapomwona daktari, jambo ambalo hatukulizoea, ila wataalamu wengi tunawaona bila rufaa. Dawa za pumu nazifuata kwenye famasi ya kambini hata kama ni safari ndefu, kwa kuwa pale ni bure.

Baba mkwe, naye mstaafu wa jeshi, ana TRICARE For Life. Alipofikisha miaka 65 ilimbidi awe na Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, sehemu A (ya hospitali) na B (ya madaktari), na ya B anailipia kila mwezi. Mzee alinung'unika, kisha akafanyiwa upasuaji wa nyonga, Medicare ikalipa kwanza, TRICARE ikamalizia.

Kifungua mimba wetu anatimiza miaka 21 mwezi ujao. Bima yake itafika miaka 23 iwapo tu DEERS, daftari la jeshi la wanaostahili, linaonyesha anasoma chuo muda wote. Barua ya chuo tumeshaipata, na Jumanne tunaipeleka ofisi ya vitambulisho.