Dillon RL 550 gerejini kwangu, baada ya risasi 15,000

Kila anayecheza mashindano ya bastola huku Marekani hufika siku akaitazama ndoo ya maganda matupu aliyookota renji na kujiambia: hii yote ni hela. Mimi siku hiyo ilinikuta mwezi wa pili, theluji imeuziba mlango wa gereji na bei ya boksi la risasi 50 za milimita 9 imepanda tena. Mzee mmoja wa klabu yetu alikuwa anahama kumfuata mwanawe Florida, anauza vitu. Nikampa dola 450, nikaondoka na mashine ya kujazia risasi aina ya Dillon RL 550, rangi imechubuka lakini wenzo bado mlaini kama jana. Sasa ni miaka miwili, risasi elfu kumi na tano na ushei zimepita mle ndani, na kuna ndugu wananiuliza kama na wao wanunue.

Kwanza mjue ni nani anayewajibu. Niko Minnesota, nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee, na mwezi ukinikalia vizuri nashiriki mashindano mawili ya USPSA, chama cha mchezo huu wa bastola Marekani. Napigia CZ Shadow 2 yenye kioo cha nukta nyekundu juu, kundi la Carry Optics, daraja C. Si bingwa. Mchezo wenyewe ni alama ulizopata gawanya kwa sekunde ulizotumia, kwa hiyo mwenye haraka asiyelenga anaumia, na mlengaji mzuri mwenye miguu mizito anaumia vilevile.

Kujaza risasi hapa simaanishi kujaza magazini. Namaanisha kuitengeneza risasi yenyewe: unachukua ganda lililokwisha pigwa, unang'oa fataki iliyokufa (kile kikombe kidogo kitakoni kinachowasha baruti), unalirudisha kwenye kipimo chake, unaweka fataki mpya, unatia baruti, unakalisha kichwa cha risasi juu yake, unabana mdomo. Ganda la milimita 9 linarudia kazi hiyo mara nyingi kabla halijapasuka, nami mengi ya kwangu sijui yamezunguka mara ngapi.

RL 550 ina hatua nne kwenye sahani moja ya duara. Ukivuta wenzo mara moja, maganda manne yanafanyiwa kazi nne kwa pamoja: la kwanza linang'olewa fataki na kubanwa, la pili linapanuliwa mdomo na kutiwa baruti, la tatu linapokea kichwa, la nne linamaliziwa. Ukirudisha wenzo na kuusukuma mbele kidogo, fataki mpya inakaa. Halafu, na hili liwekeni akilini kwa sababu nitalirudia, sahani unaizungusha mwenyewe kwa kidole gumba. Mashine za bei juu zaidi, kama XL 750 ya kampuni hiyohiyo, zina hatua tano na zinajizungusha. Hii hapana. Wengine wanaona ni ushamba, mimi niliona ni sifa: mkono ukihisi kitu hakiko sawa, kila kitu kimesimama hapo hapo, hakuna kinachokimbia mbele yako.

Bila papara napata risasi 300 kwa saa. Wapo wanaodai 500. Sijui macho yao wanayaweka wapi.

Niliyoyapenda ni mengi, lakini lililonibakisha kwenye huu mchezo ni moja: ulaini. Sheria ya mchezo inataka risasi yako ifikie namba 125, yaani uzito wa kichwa kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Risasi ya kiwandani niliyokuwa nanunua ilikuwa ya greni 115, na kwenye kipimo ikatoka na futi 1,150 hivi. Hiyo ni 132. Ninayojaza mimi ni greni 147, inatoka na futi 880. Hiyo ni 129. Kwa namba ni kama sawa tu, lakini mkononi ni vitu viwili tofauti kabisa. Ile ya kiwandani inakupiga kofi. Hii inakusukuma kama mtu anayekupisha mlangoni. Nukta nyekundu haitoki nje ya kioo, inapanda na kushuka palepale, na kabla hujapepesa unaweza kupiga ya pili. Kichwa kizito kinachokwenda polepole juu ya baruti inayoungua haraka ndiyo siri, na si siri ya mtu, nusu ya uwanja wanafanya hivyo. Uzito wa baruti siuandiki hapa, msiniulize. Nunueni kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti yenu, anzieni chini, pandeni kidogo kidogo huku mkipima mwendo.

CZ wana tabia yao. Mtutu wa Shadow 2 una koo fupi, yaani mistari ya ndani inaanza karibu sana na mahali ganda linapoishia. Kitabu kinaruhusu risasi ya milimita 9 kufika urefu wa milimita 29.69, lakini kichwa butu cha 147 kikikaa kirefu hivyo kinagonga mistari na risasi haiingii yote. Mia mbili zangu za kwanza zilinifundisha hilo. Zilipita vizuri kwenye bastola ya jirani, kwangu zikakwama kama funguo ya nyumba nyingine. Sasa kila nikibadilisha aina ya kichwa nafungua bastola, natoa mtutu, nausimamisha juu ya kitambaa na kudondosha risasi ndani. Ikilia "tik" safi na ukiigusa inazunguka, nimepata. Ikikaa kimya na kung'ang'ania, nashusha kalibu ya kukalishia (kifaa cha mashine kinachosukumia kichwa ndani ya ganda) robo mzunguko, najaribu tena. Ni dakika tano.

Na sasa ile sahani ya kuzungusha kwa kidole.

Ilikuwa Ijumaa, nimetoka shifti ya usiku, nikalala kwa saa tatu tu, kesho yake mashindano na risasi zimebaki 80. Nikashuka gerejini. Katikati ya kazi binti yangu akaja kuuliza viatu vyake vya mpira viko wapi. Nikamjibu nimeshika wenzo, nikageuka, nikarudi, nikazungusha sahani. Nilichosahau ni kuvuta wenzo kabla ya kuzungusha. Ganda lililotakiwa kupokea baruti likapita tupu kwenda kwenye kichwa. Halikulia, halikuwaka taa, lilipita kama wenzake wote.

Kesho yake, kituo cha tatu, shabaha ya tano: pa, pa, pa, kisha "puf". Kama mtu aliyefungua soda. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshaanza kwenda kuvuta sehemu ya juu ya bastola ili niingize risasi nyingine, kwa sababu ndivyo tunavyojizoesha: ikigoma, gonga, vuta, endelea. Msimamizi alipiga kelele ya kusimamisha kabla sijafika. Kichwa cha risasi kilikuwa kimesukumwa na fataki peke yake kikakwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili nyuma yake ingekuta njia imefungwa, na mtutu ungeweza kupasukia mikononi mwangu. Kilitolewa na fimbo ya shaba na nyundo ya mpira. Shabaha ambazo sikuzifikia zilihesabiwa hasara, kumi kwa kila tundu lililokosekana, na hakuna kurudia, kwa sababu risasi mbovu ni kosa la aliyeileta.

Wengine walinishauri nizipime kwenye mizani risasi zote za jioni ile nitafute iliyo nyepesi. Haisaidii. Maganda yanatofautiana uzito kuliko hata baruti yenyewe inavyopima, kwa hiyo iliyo tupu inajificha katikati ya wenzake. Nilizivunja zote 400 kwa nyundo ya kung'olea vichwa, moja moja, wikendi mbili. Hakuna hata moja nyingine iliyokuwa na kasoro.

Silaumu mashine, ilifanya nilichoiambia. Ila ukiwa mtu wa shifti kama mimi, hilo lipime kabla ya kutoa hela: inadai kichwa kilicholala usingizi wa kutosha. Sasa nina taa nyembamba imefungwa juu ya hatua ya pili inayomulika ndani ya ganda, na sikalishi kichwa bila jicho kuona baruti. Pia nilibadilisha baruti. Ya kwanza ilikuwa kidogo sana kwa ujazo, ilizama chini ya ganda kama chumvi kwenye sufuria, na ukiitia mara mbili kwa bahati mbaya bado haimwagiki. Natumia Vihtavuori N320 ya Finland, ghali, lakini inajaza ganda zaidi na jicho linaiona. Simu inabaki juu jikoni. Mtu akinisemesha naachia wenzo, natoa kila ganda lililo juu ya sahani, naanza upya.

Hesabu ya hela. Vichwa vya greni 147 vilivyopakwa rangi ni kama senti 10 kimoja, fataki senti 7, baruti senti 2, ganda bure. Senti 19. Risasi ya kiwandani ya bei ya chini nikiipata kwa senti 25 naishukuru siku. Tofauti ni senti 6. Napiga kama 8,000 kwa mwaka, hiyo ni dola 480. Lakini kujaza hizo 8,000, kusafisha maganda, kuyachambua na kuzikagua kumenichukua kama saa 50. Gawanyeni wenyewe: haifiki dola 10 kwa saa. Nikichukua ovataimu kazini napata zaidi na sishiki risasi. Juu ya hapo mashine, mizani, kalipa, kalibu, kipimo cha mwendo na vikorokoro vingine vimefika dola 1,100 na zaidi. Ukilinganisha na zile laini za kiwandani za mashindano, zinazonifikia kwa senti 35 na kupanda, hapo ndipo hesabu inaanza kuleta maana.

Na bei ya fataki haitabiriki. Kati ya 2020 na 2022 zilipotea nchi nzima, na watu walilipa dola 80, wengine mia, kwa elfu moja. Niliowakuta kwenye huu mchezo bado wanazificha chini ya kitanda kama sukari ya mwezi wa Ramadhani. Mimi napenda za Federal, zinazotengenezwa hapa hapa Minnesota, mjini Anoka, kwa sababu ni laini na zinawaka hata kama umelegeza springi ya nyundo ili triga iwe nyepesi.

Kipimo cha mwendo natumia Garmin Xero C1 Pro, kijisanduku cha rada unachokiweka pembeni ya meza, hakuna kupiga katikati ya miguu ya chuma kama vile vya zamani. Hiki sikijutii hata senti. Januari nilipima kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, mwendo ukashuka hadi namba ikanifikia 126. Kwenye mashindano makubwa wanachukua risasi zako wanazipima, na ukishuka chini ya 125 unaruhusiwa kuendelea kupiga, bila alama. Ndiyo maana sikai kwenye 126 kiangazi.

Kitu kingine cha kununua mapema ni kipimo cha plastiki cha matundu 100. Unadondosha risasi zako zote, zinazochomoza unaziona kwa kupitisha kidole. Kwangu hutoka mbili tatu kwa mia, nazipeleka mazoezini.

Kuhusu madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, sikuambiwa mapema. Moshi wa fataki unayo, na vumbi la kusafishia maganda linayo zaidi. Nilikuwa nayasugua kwenye pipa la mtikisiko lenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, milango imefungwa kwa ajili ya baridi, nachekecha kwa mikono kama mtu anayepepeta mchele. Baada ya miezi kadhaa nikapima damu: mikrogramu 9 kwa desilita. Mke wangu hakuongea sana, alisogeza tu kikapu cha nguo za mtoto mbali na mlango wa gereji. Sasa nasafisha kwa maji na sindano za chuma, nakausha kwenye mashine ya kukaushia matunda ambayo haitaingia jikoni tena, nina nguo na viatu vya gerejini, na mikono naosha kwa maji baridi na sabuni ya kuondolea madini hayo. Kipimo cha mwisho kilisoma 4.

Sheria, kwa kifupi: hapa mkazi halali mwenye grini kadi anaruhusiwa kumiliki silaha, mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, na kujaza risasi za matumizi yako hakuhitaji leseni ya serikali kuu. Kuzitengeneza za kuuza kunahitaji. Mlioko nchi nyingine ulizeni kwanza, kwingi ni kosa la jinai.

Nafasi yangu ya sasa ni hii: mazoezi napiga za dukani, mashindano najaza mwenyewe, 500 kwa mwezi, Jumapili asubuhi nikiwa nimeshalala vya kutosha. Shemeji yangu, ambaye naye kaanza mchezo, alizijaribu zangu kwenye bastola yake akataka nimtengenezee elfu moja, atalipa. Nikamwambia, shemeji, kuuza siwezi, lakini mashine iko gerejini na wenzo unaona ulipo. Bado namsubiri.